Asilimia 15 ya sekta: feza ya madini inapaswa kubaki wapi?

Kasongo na Kabambare, tangu upande wa Lusangi mpaka Salamabila, watu wakiongelea madini ulizo ni moja tu: dhahabu inatoka hapa, sasa barabara iko wapi? Sheria ya Kongo iko na jibu, lakini wakaaji wengi hawajaisomewa.

Sheria ya madini namba 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inalazimisha kila kampuni yenye ruhusa ya kuchimba ilipe redevansi, ni kusema fungu fulani ya bei ya madini yenye imeuzisha. Kwa dhahabu ni 3,5%. Redevansi haingojee faida: hata kampuni ikisema mwaka ulikuwa mubaya, inalipa.

Kipengele cha 242 ndicho kinagawanya: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa eneo lenye mgodi uko ndani yake, na 10% kwa mfuko wa vizazi vyenye vitakuja. Tuchukue mfano. Kampuni imeuzisha dhahabu ya dola milioni 10. Redevansi ni dola 350.000. Kinshasa inapata 175.000, jimbo 87.500, mfuko wa vizazi 35.000, na eneo la mgodi 52.500. Kwa sekta ya kijijini, hiyo si feza kidogo.

Sheria ya zamani, ya 2002, nayo ilitaja 15%, lakini feza ilipitia kwanza kwa hazina ya serikali, na Kinshasa ndiyo ilipaswa kuigawanya. Kufika mpaka hapa ilikuwa hadisi ingine. Tangu 2018 kampuni yenyewe inapaswa kuweka ile 15% moja kwa moja ndani ya konti ya eneo.

Eneo gani? Hapa ndipo watu wanagombana bure. Kufuatana na sheria ya 2008 juu ya maeneo, wenye haki ni mji, komini, sekta na sheferi. Teritware haimo, maana administrateri ni mtu wa serikali kuu. Grupema na kijiji pia havimo, hata kama shimo liko nyuma ya nyumba ya chifu wa kijiji. Na sheria inafunga hiyo feza kwa kazi moja: kujenga vitu vya faida ya wote, kama masomo, vituo vya afya, maji, madaraja. Si ya kulipa mishahara wala kununulia chefu motokari.

Mbali na redevansi kuko fungu ya pili: kampuni inatoa 0,3% ya mauzo yake, kwa uchache, juu ya maendeleo ya wakaaji wenye mgodi unagusa. Kwa mfano wetu ni dola 30.000. Hiyo haiingie kwa konti ya sekta. Inaongozwa na kamati yenye wajumbe wa kampuni na wa wakaaji.

Inchi zingine ziko na njia yazo ya kubakisha feza mahali. Marekani, kuanzia California mwaka 1952, mji unaweza kuchora mpaka kuzunguka mtaa wenye kuchakaa na kuandika kodi ya nyumba na viwanja yenye mtaa ule unatoa leo. Miaka yenye kufuata, kodi ikipanda juu ya ile hesabu, nyongeza inarudi kujenga mtaa ule ule. Kwetu, chefu wa sekta hawezi kuchora mpaka wa namna hiyo: kipengele cha 204 cha Katiba kinaweka kodi ya nyumba na viwanja kwa mikono ya jimbo. Ndiyo maana 15% ya madini ina uzito.

Lakini 15% ya zero ni zero. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, ulisimamisha kazi mwezi wa tisa 2019 juu ya usalama, na mgodi ukisimama redevansi nayo inasimama. Dhahabu ya wachimbaji wa mikono, yenye inalisha soko zetu, hailipe redevansi, maana hiyo inadaiwa kwa mwenye ruhusa ya kuchimba, si kwa mwenye pau na karai. Tena, baraza la sekta lenye lingepiga kura juu ya bajeti halijachaguliwa tangu sheria ya 2008. Chefu anabaki peke yake na konti.

Mkaaji mwenye kutaka kujua anaweza kuuliza ofisi ya sekta vitu vitatu: namba ya konti, karatasi ya hesabu ya redevansi yenye kampuni ilipewa, na karatasi ya benki yenye kuonyesha feza iliingia siku gani. Kampuni kwa upande wake zinatangaza malipo yazo kwa ITIE, na ripoti za ITIE ziko wazi kwa wote. Hesabu mbili hizo zisipopatana, ulizo inapelekwa kwa Divizioni ya madini ya jimbo, Kindu.