Nyuyokuzai: chumvi, dawa au kikolezo?

Kijapani kina neno nyuyokuzai, na Kiswahili bado hakijalipatia jina lililotulia. Huweza kuwa unga wa rangi, kidonge kinachochemka mapovu au majimaji ya chupani, na hutiwa kwenye maji ya moto kabla mtu hajajitumbukiza. Vitu hivi vinapofika kwetu, mara nyingi ndani ya sanduku moja na shampuu za Kijapani, tunaviita chumvi za kuogea. Jina hilo limepitia Kiingereza, na njiani limepungua uzito.

Neno lenyewe lina sehemu mbili. Nyuyoku ni kuingia kuoga, na kile kitendo cha kuingia kimo kabisa ndani ya maandishi yake. Zai ni kitu kilichotengenezwa ili kifanye kazi fulani: senzai ni sabuni ya kufulia au kuoshea vyombo, jozai ni kidonge cha kumeza, bochuzai ni dawa ya kuzuia wadudu kabatini. Mswahili hahitaji kamusi hapa. Dawa ya mbu haimtibu mbu, dawa ya viatu haiponyi kiatu, na dawa ya meno tunaitumia tukiwa wazima. Dawa yetu na zai yao hutembea pamoja karibu hatua zote.

Kwa hesabu hiyo, tafsiri nyoofu ingekuwa dawa ya kuogea. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo ina wenyewe. Anayesema amepewa dawa ya kuoga hufahamika mara moja kuwa ametoka kwa mganga, na watu mitaani hukisia kuwa ni ya kuondoa mkosi au ya kuvuta riziki. Mfugaji naye ana dawa ya kuogeshea, ile ya josho, inayoua kupe. Mwandishi wa lebo akichagua neno dawa atalazimika kueleza kila siku kwamba hamaanishi la kwanza wala la pili.

Lakini dawa ndiko nyuyokuzai ilikotokea. Mwaka 1893 duka la dawa la Tsumura, Tokyo, lilianza kuuza chujoto, dawa ya mitishamba kwa wanawake. Kampuni husimulia kwamba mfanyakazi mmoja alichukua mabaki ya mitishamba hiyo akayatia kwenye maji ya kuogea nyumbani, na vipele vya joto vya mtoto vikatoweka. Mwaka 1897 likatoka toleo la kuogea, likauzwa kwa mabafu ya umma. Wateja walilipenda majira ya baridi. Wakati wa joto wakalalamika kwamba linapasha mwili hadi jasho halikatiki. Jibu la malalamiko hayo lilikuwa Bathclin, mwaka 1930, na humo ndimo madini yalimochukua nafasi ya majani.

Hapo neno chumvi linapata haki yake. Viungo vikuu vya unga wa namna hiyo ni salfeti ya sodiamu, kaboneti ya sodiamu na baikaboneti ya sodiamu, na kwa mwanakemia zote ni chumvi. Hizo mbili za mwisho kwetu si ngeni: ndizo zilizoungana kwenye magadi, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya na kutiwa kwenye sufuria ya maharage yaive haraka. Salfeti ya magnesiamu, inayotumiwa pia na baadhi ya watengenezaji, ndiyo haluli, ambayo wazee waliijua kwa kuendesha tumbo. Duka la Pwani lingeweza kujaza nusu ya pakiti bila kuagiza chochote Japani. Rangi na harufu ndivyo vingekosekana.

Ila nyuyokuzai nyingine hazina chumvi ya kujivunia. Kuna aina za mitishamba, za mafuta ya kulainisha ngozi, za mentoli kwa ajili ya kiangazi. Kuna pia vidonge vya gesi: kampuni ya Kao ilipotoa kidonge chake, Bub, mwaka 1983, ilichokiuza hasa ni hewa ya ukaa. Baikaboneti na asidi vikikutana majini hutoa gesi hiyo, sehemu yake huyeyuka, hupenya ngozini na kutanua mishipa midogo ya damu. Kukiita kidonge hicho chumvi ni kukitaja kwa malighafi na kuiacha kazi yake. Tena jina hili limechafuka huko lilikotoka: Marekani, mnamo 2010 na miaka iliyofuata, dawa za kulevya za maabara ziliuzwa madukani zikiwa na lebo ya chumvi za kuogea ili kukwepa sheria.

Lipo pia kosa la matumizi. Mtu aliyelelewa na singo na liwa akiona chumvi ya kuogea hufikiria kusugua. Dada yangu alipoufungua unga wa buluu alichota kiganja kizima, na mimi nikamwahi: "Dada, ngoja, hii haisuguliwi, ni ya maji." Furo, bafu la Kijapani, lina utaratibu wake. Mtu hujisafisha kwa sabuni na kujisuuza nje ya beseni kubwa, kisha huingia ndani akiwa safi kujiloweka, na maji hayohayo huachiwa anayefuata, hadi nyumba nzima imeoga. Kesho yake wengine huyachota kufulia, ingawa pakiti hushauri nguo zisuuzwe kwa maji mapya. Kwa hiyo unga huu hauna kazi ya kusafisha. Unabadilisha maji, na maji ndiyo yanayomfikia mwogaji.

Ndiyo maana napendekeza kikolezo cha maji ya kuogea. Kukoleza ni kuongeza ladha, rangi au nguvu kwenye kitu kilichopo tayari, na kikolezo Mswahili hukitia kwenye mchuzi bila kudhani kwamba ndicho mchuzi wenyewe. Nililipima neno kiungo nikaliacha: viungo vya kuogea vingesomeka kama mikono na miguu. Chumvi ya kuogea ibaki kwa aina ya madini, ikiwa tawi moja chini ya kikolezo. Sheria ya Japani nayo inaona hivyo kwa njia yake, kwani vikolezo vingine husajiliwa kama vipodozi na vingine huwekwa katika kundi liitwalo iyaku bugaihin, lililo kati ya kipodozi na dawa kamili, ambalo huruhusiwa kutaja uchovu, mabega yaliyokaza na vipele vya joto.

Wengi wetu hatuna beseni la kulala. Tuna ndoo na kata, au bomba la mvua, na kikolezo hakina la kufanya juu ya maji yanayopita. Kilichonifaa mimi ni ashiyu, maji ya miguu: beseni la kufulia na kiti. Kipimo cha kawaida cha unga ni kama gramu 20 kwa lita 200, basi lita 10 zinataka gramu moja, kama mbano wa vidole. Kidonge cha gesi kikikatwa kitumiwe chote upesi, maana unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam hukianzisha kuchemka ndani ya karatasi yake.

Bidhaa za nywele, zinazofika ndani ya sanduku hilohilo, zina fujo ya majina ya aina nyingine. Wajapani wamezoea kutofautisha rinsu na kondishona, vinavyopaka unywele kwa nje, na toritomento, inayokusudiwa kuingia ndani. Anayevitumia vyote hutanguliza toritomento. Rinsu za zamani zilikuwa na asidi ya kutuliza ukali wa sabuni, kabla shampuu za kisasa hazijazoeleka. Saluni zetu nazo zina tritimenti, lakini hapo humaanisha shughuli nzima, pamoja na kukaa chini ya stima. Bidhaa nyingi za Japani zimetengenezwa kwa nywele zilizonyooka. Kwenye kipilipili changu shampuu zilikausha, toritomento ikarahisisha kuchana, na mafuta ya tsubaki, yanayokamuliwa kwenye mbegu za kamelia katika visiwa kama Izu Oshima na Goto, yalitenda kazi ya mafuta ya nazi kwa harufu hafifu zaidi.

Kwenye lebo ya toritomento ningeandika tritimenti ya kusuuza, na neno dawa nisingethubutu kulitumia. Kwa msusi, kutia nywele dawa ni kuzinyoosha, na baadhi ya makopo ya kazi hiyo yana kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni. Mteja akisoma dawa ya nywele kwenye chupa ya Kijapani ataipaka kwa glovu, atakwepa ngozi ya kichwa, na atasubiri nywele zinyooke.