Mbao ngumu za Pwani: zipo wapi, nani ana ruhusa ya kuzikata, na seremala wa Miritini azitafute wapi

Seremala wa Miritini yuko mahali pazuri. Barabara kuu ya Nairobi inapita mlangoni, bandari ya Kilindini haiko mbali, barabara ya Dongo Kundu inaanzia hapo hapo, na tangu tarehe 31 Mei 2017 stesheni ya mwisho ya reli ya SGR iko kwao. Mbao zinazoingia Mombasa kutoka bara haziwezi kumkwepa. Hata hivyo, mteja akija akitaka mlango wa mbambakofi au kitanda cha mvule kwa ajili ya harusi, fundi hukuna kichwa. Ya saiprasi ipo tele. Ngumu ya asili ni ya kuulizia, na ikipatikana bei yake humfanya mteja aahirishe.

Wengi husema miti imekwisha. Wengine husema serikali imefunga. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, kwa sababu hapa yapo maswali mawili: je, mti upo? Na je, mti uliopo unaruhusiwa kukatwa? Tuyachambue moja baada ya jingine.

Miti tunayoizungumzia

Mbambakofi ndio uliobeba sifa ya milango ya kuchonga ya Lamu na Mji wa Kale. Mvule hutumika kwa samani, madirisha na mbao za vyombo vya baharini. Muhuhu ni mzito, hauliwi ovyo na mchwa, na wachongaji waliupenda kwa vinyago. Zamani ulitumika pia kwa sakafu za mbao. Mninga, wenye rangi nyekundu ya kahawia, tunaufahamu zaidi kutoka Tanzania. Mpingo ndio mweusi, mgumu kuliko yote. Msaji asili yake ni Asia, ukaletwa huku na kupandwa.

Kwa upande wa miti ya asili, hazina kubwa iliyobaki karibu nasi ni Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420. Mbambakofi humo hupatikana hasa katika sehemu ya msitu mchanganyiko, na muhuhu katika ile sehemu kavu yenye udongo mwekundu. Kwale kuna Shimba Hills. Kisha kuna makaya ya Mijikenda, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kwa hiyo swali la kwanza lina jibu: miti ipo, lakini ni michache na iko mahali maalumu.

Kuwepo si kupatikana

Miti ya asili katika misitu ya serikali imekatazwa kuvunwa kwa biashara tangu amri ya rais ya mwaka 1986. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 imeweka masharti zaidi. Makaya nayo yana ulinzi wa sheria na, kabla ya sheria yoyote, miiko ya wazee.

Mwezi Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku hizo 90 zikageuka miaka mitano na zaidi. Hata wakataji wa mikoko Lamu waliguswa. Mwezi Julai 2023 Rais alipotangaza kuliondoa katazo hilo, watu wengi huku Pwani walifurahi wakidhani mvule utashuka bei. Jambo hilo likafikishwa mahakamani na Chama cha Wanasheria. Lakini hata bila kesi, tangazo lile lilihusu miti iliyopandwa na kukomaa katika mashamba ya serikali, na sehemu kubwa ya hiyo ni saiprasi, msindano na mkaratusi wa nyanda za juu. Halikumfungulia mtu yeyote Arabuko-Sokoke. Anayekuuzia muhuhu kwa kisingizio kwamba katazo limeondolewa anakudanganya.

Mikoko iliyozunguka hori za Tudor na Port Reitz, jirani kabisa na Miritini, nayo si shamba la bure. Kuuza boriti nje ya nchi kulipigwa marufuku mwaka 1982, na kukata kwa matumizi ya hapa kunataka kibali. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Ya kwetu mjini ni kidogo, na ndiyo mazalio ya kamba na samaki.

Hesabu ya msitu hufanywa vipi

Msitu hauhesabiwi kwa kuutazama kutoka barabarani. Wataalamu huchagua viwanja vya sampuli, wakapima kila mti kifuani, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Mzingo ukiugawa kwa 3.14 unapata kipenyo. Huandikwa aina ya mti, urefu wa shina lililonyooka na kama lina uvungu. Kisha hupimwa ukuaji wa kila mwaka.

Tuchukue mfano. Gogo lenye mzingo wa sentimita 157 katikati lina kipenyo cha sentimita 50. Likiwa na urefu wa mita 4, ujazo wake ni karibu mita za ujazo 0.78. Likipasuliwa na nusu tu ikatoka mbao, utapata takriban futi 165 za ubao wa inchi 12 kwa 1. Likipasuliwa kwa msumeno wa mnyororo porini, hasara huwa kubwa zaidi ya hapo; mbao nyingi hubaki chini kama unga na makombo.

Ukuaji ndio moyo wa hesabu yote. Tuseme msitu una mita za ujazo 1,000 za miti iliyokomaa na unaongeza 10 kwa mwaka. Ukivuna 10, unakula faida. Ukivuna 50, unakula mtaji, na mfanyabiashara yeyote anajua duka la namna hiyo linaishia wapi. Mvule uchukuao miongo kukomaa hauwezi kuulisha mji kwa kasi ya mji.

Zinazotoka nje

Kwa sababu hiyo mbao ngumu nyingi hutoka mbali. Mvule na miti mingine ya misitu ya mashariki ya Kongo hupita Uganda hadi Kenya, safari ambayo kufika Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,500. Kila mpaka, kila mzani na kila lita ya dizeli imo ndani ya bei ya ule ubao. Tanzania hairuhusu magogo kutoka. Zinazotoka ni mbao zilizopasuliwa zenye kibali. Msumbiji nayo ilifunga usafirishaji wa magogo mwaka 2017.

Juu ya hapo upo mkataba wa kimataifa wa CITES. Jamii yote ya mpingo iliingizwa humo mwaka 2017. Tangu Februari 2023 jamii za mbambakofi na mninga za Afrika nazo zimo. Maana yake ni kwamba magogo na mbao zake haziwezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali cha CITES cha nchi zinakotoka. Fundi anayenunua mninga wa Tanzania leo aulize karatasi hiyo.

Mbadala uliopo

Wachongaji wa ushirika wa Akamba pale Changamwe walianza zamani kutumia mwarobaini na mwembe badala ya muhuhu na mpingo, na vinyago vikaendelea kuuzwa. Seremala naye ana mfenesi, mwembe mkongwe usiozaa tena, mbao za mnazi mzee, na msaji wa mashambani. Mvinje unaopandwa Kilifi na Kwale hutoa nguzo katika miaka michache tu. Kwa maeneo makavu, KEFRI imekuwa ikisambaza mbegu bora za mukau, mti mgumu usiopendwa na mchwa, unaoweza kukomaa ndani ya miaka 15 au zaidi kidogo.

Kabla hujalipa

Uliza mti ulitoka wapi na mwenye shamba ni nani. Taka kuona hati ya KFS ya kusafirisha mazao ya msitu. Mzigo wa nje uwe na karatasi za forodha na, kwa miti tuliyoitaja, kibali cha CITES. Hakikisha aina ya mti na kiasi vinalingana na kilichoandikwa. Pima unyevu au angalau uache ubao ukauke, kwani hewa ya Pwani huukunja mlango uliofanywa kwa ubao mbichi. Na bei ikiwa rahisi mno kwa mvule, jiulize aliyeilipa tofauti ni nani. Lori likikamatwa, si dereva pekee anayepoteza. Na fundi aliyekwisha kula malipo ya awali ya mteja hana pa kujificha.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Majahazi na milango tunayojivunia viliundwa kwa miti iliyoachwa ikakua kabla yetu. Mpango wa taifa wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 unaendelea. Ndugu msomaji, mkipanda shuleni, msikitini, kanisani au shambani kwa wazee, msipande kivuli na mapambo peke yake. Katika kila kumi, wekeni mvule, mbambakofi au mukau. Seremala atakayeupasua bado hajazaliwa, lakini ndiye atakayewatengenezea wajukuu wetu milango.