Myombekere ni wa Nani? Hakimiliki na Hadithi Zilizozaa Hadithi Kando ya Ziwa Victoria

Hadithi ya shabiki ni hadithi mpya anayoitunga msomaji kwa kutumia wahusika, mahali au mkasa wa hadithi ya mtu mwingine. Sheria ya hakimiliki haiitambui kwa jina hilo. Huiweka kundi moja na tafsiri, tamthilia iliyotolewa kwenye riwaya na filamu iliyotolewa kitabuni, yaani kazi iliyotokana na kazi nyingine, na huuliza jambo lile lile: nani alitoa ruhusa? Katika Kanda ya Ziwa, kuanzia Mwanza hadi Ukerewe na pwani ya Mara, kazi za namna hiyo ni za zamani kuliko sheria yenyewe.

Usukumani wacheza ngoma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili, Bagika na Bagalu. Kila kimoja hujinasibu na mganga mwanzilishi: Ngika kwa Bagika, Gumha kwa Bagalu. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi upande wake. Manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hutunga nyimbo mpya, lakini pia huchukua sauti ya wimbo wa zamani akautia maneno ya msimu huu. Mara nyingi hulitaja jina lake ndani ya wimbo wenyewe, na huo ndio uliokuwa muhuri wa mtunzi. Hakukuwa na ofisi ya kumwombea mtu kibali. Kilichokuwepo ni hadhara iliyokuwa ikiujua wimbo na mwenye wimbo, na aliyeiba vibaya alizomewa.

Nyimbo hizo ziliingia katika dunia ya sheria pale ziliporekodiwa. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Usukumani na mitambo yake ya kurekodia mwaka 1950, na miaka 60 baadaye mtafiti mwingine, Frank Gunderson, alichapisha kitabu chenye nyimbo zaidi ya 300 za kazi za Wasukuma. Rekodi ina haki zake na kitabu kina haki zake, na haki hizo huanza kwa aliyerekodi na aliyeandika. Manju aliyefariki kabla ya mitambo kufika hana nafasi katika hesabu hiyo, isipokuwa jina lake liwe limesalia ndani ya wimbo.

Sheria ya kwanza ya hakimiliki iliyoandikwa kwa Kiingereza ilifika Tanganyika mwaka 1924, Waingereza walipoitumia hapa Sheria yao ya Hakimiliki ya 1911. Sheria hiyo ilimpa mwandishi peke yake haki ya kunakili kitabu chake, kukitafsiri, na kuigeuza riwaya kuwa mchezo wa jukwaani, katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo. Haikuwa na haki ya jumla ya kuzuia kila namna ya kuigeuza kazi. Mtu aliyeandika mkasa mpya wa mhusika maarufu, bila kunakili maneno wala matukio ya kitabu cha kwanza, alisimama mahali ambapo mahakama zenyewe hazikuwa na jibu la haraka.

Mfano mzuri uko Unguja. Muhammed Said Abdulla alimbuni Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na msaidizi wake Najum, katika riwaya iliyoshinda mashindano ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu yeyote aliyesoma visa vya Sherlock Holmes na Daktari Watson anaona undugu. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa visa hivyo, alifariki mwaka 1930, kwa hiyo wakati huo vitabu vyake vilikuwa bado na mwenyewe. Hata hivyo Abdulla hakuvunja sheria yoyote. Alichukua wazo la mpelelezi mwerevu na rafiki asiyeelewa upesi, na wazo halimilikiwi. Jina, maneno na mkasa vilikuwa vyake. Mpaka huo kati ya wazo na namna lilivyoandikwa ndio unaoamua karibu kila kesi ya hadithi za mashabiki hadi leo.

Kitabu kinachofundisha zaidi juu ya mambo haya kiliandikwa Ukerewe. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alisomea misheni ya Kagunguli na seminari ya Rubya. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Mwanzoni wanandoa hao hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere analazimika kupika pombe ya ndizi ya kuwalipa faini ili arudishiwe mkewe. Kitereza anaieleza kazi ya pombe hiyo hatua kwa hatua, na vivyo hivyo uvuvi, kilimo, uganga na adabu za kusalimiana. Lengo lake lilikuwa kuwaachia vijana kumbukumbu ya maisha yaliyokuwa yakitoweka.

Hapo swali la kwanza la kisheria linajitokeza. Desturi ya kupika pombe si mali ya Kitereza, wala methali wanazosema wazee wa kitabuni si zake. Sheria humpa mwandishi umiliki wa mpangilio wake wa maneno na matukio tu, basi. Mkerewe mwingine angeweza kuandika riwaya nyingine yenye mke tasa, faini ya pombe na mganga, na asiwe na deni. Lakini angemwita mganga huyo Kibuguma, kama yule wa kitabu cha Kitereza, na kumpeleka katika nyumba ya Myombekere, mambo yangebadilika.

Swali la pili linahusu tafsiri. Wachapishaji hawakukitaka kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache. Padre Almas Simard, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliyemtia moyo Kitereza aandike, aliichukua kazi hiyo ili itafsiriwe kwa Kifaransa, lakini shughuli ikakatika alipofariki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili, mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliufikia mswada. Makala yao ya 1972 ndiyo iliyomtangaza Kitereza kwa wasomi wa nje. Kwa kuwa mlango wa Kikerewe ulikuwa umefungwa, mzee mwenyewe, akiwa ameshapita miaka 70, aliketi akakitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, kikiwa kimechapwa China. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Kwa macho ya sheria, toleo la Kiswahili ni kazi iliyotokana na ile ya Kikerewe, na zote mbili ni za mtu mmoja. Baadaye mikono iliongezeka. Mtaalamu wa lugha Wilhelm Möhlig alikitafsiri kitabu kwa Kijerumani katika juzuu mbili zilizotoka 1991 na 1993. Majina manne yaliyokuwa juu ya jalada la Kitereza, yaani baba, mama, mwana na binti, yaliondolewa, yakaja majina yenye mvuto wa sokoni: la kwanza linawataja watoto wa waleta mvua, la pili muuaji wa nyoka. Wasomaji wa Ulaya walivutwa, na mwandishi hakuwapo wa kuulizwa kama anapenda. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa Ukerewe, alirudi kwenye Kikerewe na kutoa tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 2002 na Mkuki na Nyota. Nyumba hiyo iliasisiwa na Walter Bgoya, ambaye ndiye aliyekuwa akiiongoza Tanzania Publishing House kitabu cha Kiswahili kilipotoka. Hii ni bahati adimu katika historia ya uchapishaji wetu, ambako kwa kawaida kampuni ikifa, hata anayejua haki ziko kwa nani hapatikani.

Kisa cha Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki kinaonyesha hali hiyo ya kawaida. Shirika hilo ndilo lililochapisha *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na riwaya yake ya kwanza inaanzia kijijini hapo hapo, katika nyumba ya Zakaria na Regina, wazazi wa Rosa. Kwa muda kitabu kilipigwa marufuku shuleni, jambo lililowaongezea vijana hamu ya kukisoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la nchi tatu lilikufa nayo, na shughuli zake za Nairobi zikawa msingi wa Kenya Literature Bureau. Mtu wa Mwanza aliyetaka kukigeuza kitabu cha Mkerewe kuwa filamu alipaswa kwanza kujua mkataba ulisema nini na umehamia mikononi mwa nani, ng'ambo ya mpaka.

Upande wa Mara kuna mfano mwepesi zaidi. Julius Nyerere wa Butiama alimtafsiri Shakespeare mara mbili: *Julius Caesar* mwaka 1963, toleo alilolisahihisha mwaka 1969, na *Mabepari wa Venisi* mwaka huo huo wa 1969. Hakuhitaji kibali cha mtu, kwa kuwa Shakespeare alifariki mwaka 1616. Lakini tafsiri zake zina haki zake mpya. Kikundi cha maigizo cha Musoma kinaweza kumtafsiri Shakespeare upya leo hii bila kumuuliza mtu. Kikitaka kuigiza hadharani kwa maneno ya Nyerere, ruhusa inahitajika.

Tanzania ilitunga sheria yake yenyewe mwaka 1966, ikajiunga na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, na kisha ikapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, inayotumika Tanzania Bara na iliyounda COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki. Zanzibar ina sheria yake ya 2003. Sheria ya 1999 haina pengo la ile ya kikoloni: mwandishi sasa ana haki ya kuruhusu au kukataa si tafsiri tu, bali kila namna ya kuigeuza kazi yake. Ana pia haki ya kutajwa kuwa mtunzi, na ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kazi iliyotokana na nyingine hulindwa, ila ulinzi huo haupunguzi haki ya mwenye kazi ya kwanza.

Sheria hiyo hiyo ina sehemu ya sanaa za jadi: ngano, nyimbo, ngoma na mengineyo. Anayezitumia kwa kutafuta faida nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kwa hiyo ngoma ya Bagalu ikichezwa kijijini haina mgogoro, lakini mwenye studio Mwanza anayetoa wimbo wa jadi na kuuza yuko ndani ya kifungu. Nia ni nzuri. Tatizo ni kwamba kibali kinatoka Dar es Salaam kwa jina la taifa, wakati wimbo una manju, kijiji na chama.

Kwa mtunzi wa leo, tuseme kijana wa Nansio anayetaka kuandika maisha ya Stella, mdogo wake Rosa, baada ya kifo cha dada yake, sheria iko hivi. Namagondo ni kijiji cha kweli, na kila mtu anaweza kukiandika. Baba mlevi na mkali, mahari, na binti anayeponzwa na malezi ya kufungiwa ni mawazo yaliyo wazi kwa wote. Lakini Stella mwenyewe, akiwa binti wa Zakaria yule yule, pamoja na mazungumzo na matukio ya riwaya, ni sehemu ya kazi ya Kezilahabi. Kutolipisha si kinga. Matumizi huru yanayoruhusiwa ni kama matumizi binafsi, kunukuu kiasi kwa kutaja chanzo na kufundishia, na hadithi iliyosambazwa kwa simu kwa mamia ya watu si ya binafsi tena.

Marekani mlango uko wazi zaidi kidogo, kwa kuwa mahakama hupima kama matumizi ni ya haki kwa kuangalia lengo, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa iliruhusu riwaya iliyosimulia upya *Gone with the Wind* kwa macho ya mtumwa, kwa sababu ilikikosoa kitabu cha kwanza. Mwaka 2009 jaji wa New York alizuia mwendelezo wa kitabu cha J. D. Salinger uliomwonyesha shujaa wake akiwa mzee. Mwaka uliofuata mahakama ya juu yake iliirudisha kesi ipimwe upya, na hatimaye pande mbili zikaelewana. Mwandishi wa Tanzania asizitegemee hukumu hizo. Hapa hakuna kipimo cha jumla cha namna hiyo, kuna orodha ya matumizi yaliyotajwa.

Kinachobaki ni kalenda. Hakimiliki ya kitabu hudumu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kuanzia Januari 2032 Myombekere na Bugonoka watakuwa huru, kwa Kikerewe na kwa Kiswahili cha Kitereza, na yeyote ataweza kuwaandikia wajukuu. Tafsiri ya Ruhumbika na ile ya Möhlig hazitafunguka siku hiyo, kwa kuwa kila moja ina hesabu yake. Tafsiri za Nyerere, aliyefariki 1999, zinalindwa hadi mwisho wa 2049. Kezilahabi alifariki Januari 2020, kwa hiyo anayetaka kuandika maisha ya Stella ama asubiri 2071, ama awaombe ruhusa wenye haki za *Rosa Mistika*.