Ujumbe wa terminali (Unix)

Ujumbe wa terminali ni maandishi ambayo mtumiaji wa kompyuta yenye mfumo endeshi wa Unix humpelekea mwenzake aliyeingia mfumoni wakati huohuo, yakatokea papo hapo kwenye skrini yake. Amri ya write, iliyokuwapo tangu toleo la kwanza la Unix la mwaka 1971, iliwafikia watumiaji wa kompyuta moja tu. Hatua kubwa zaidi ilikuwa amri ya talk, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983 katika toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, kwani ilivuka mtandao, ikaigawa skrini sehemu mbili, na kila herufi ikaonekana ilipochapwa, hata ile iliyofutwa baadaye. Asiyetaka kukatizwa kazi huamuru mesg n, na terminali yake hukataa ujumbe wote isipokuwa wa msimamizi mkuu wa mfumo.