Kimbunga cha tarehe 15 Aprili

Mimi bado nipo BTP huku Singida, upepo unapiga bati usiku kucha kama kawaida yake.

Juzi niliwaandikia kidato cha tatu ubaoni: kimbunga cha 1872 kilimaliza mikarafuu ya Zanzibar. Dogo mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama iliisha, mbona karafuu nyingi zinatoka Pemba?" Nikamwambia tutaendelea kesho. Aibu jamani! Na madaftari yote yenye kosa langu yakaenda nyumbani.

Usiku nikaanza kufukunyua. Kimbunga kilipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872, kikang'oa mikarafuu kwa wingi na kuvunja meli za Sayyid Barghash. Ila Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, ndiyo ikashika uongozi wa karafuu. Kumbe nilikigeuza kisiwa kimoja kuwa Zanzibar nzima.

Halafu nikakutana na kimbunga cha Lindi: tarehe 15 Aprili 1952. Nikasema hapa kuna mtu kakopi vibaya, haiwezekani tarehe ileile. Wala! Ni vimbunga viwili, miaka 80 kamili kati yao, na cha Lindi kiliua watu 34. Kwa hiyo wale waliosema Mei 2024, Hidaya ilipofika, kwamba pwani yetu haijawahi kuona kimbunga, ni wenzangu kabisa.

Jana nikafuta "Zanzibar", nikaandika "Unguja". Dogo akanakili bila hata kuniangalia.