Mstari Mwekundu Chini ya Neno: Johannesburg na historia ya mashine zinazokagua lugha zetu

Mwaka 1940 matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mjini Johannesburg, ilitoa kitabu ambacho msomaji wa Pwani angetarajia kitoke Mombasa: diwani ya Muyaka bin Haji. Malenga huyo wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840, zaidi ya miaka arobaini kabla Johannesburg yenyewe haijakuwapo. Mashairi yake yalikusanywa na kuhifadhiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah pamoja na mmisionari W. E. Taylor, kisha William Hichens akayahariri, na yakapigwa chapa huko kusini, katika mji wa machimbo ya dhahabu. Baadaye matbaa hiyo hiyo ikatoa Pambo la Lugha la Shaaban Robert.

Chukua leo mashairi ya Muyaka, uyachape katika kompyuta yenye programu ya kukagua tahajia za Kiswahili. Ukurasa utajaa mistari myekundu. Kimvita cha Muyaka kinasema “ndia” na “mato”. Programu imefundishwa “njia” na “macho”. Muyaka hajakosea kitu. Programu nayo inatekeleza tu uamuzi uliopitishwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Uamuzi huo ulikabidhiwa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, ikisoma miswada, ikiisahihisha na kuipa kibali. Kamati hiyo ilikuwa kikagua cha kwanza cha Kiswahili, miongo mingi kabla ya kompyuta, na kazi yake ingali ndani ya simu na tarakilishi zetu.

Ndiyo maana historia ya programu hizi haianzii California pekee. Kwa lugha za Kibantu, sehemu kubwa yake inaanzia katika ofisi za wasomi, na mojawapo ya ofisi hizo ilikuwa Johannesburg.

Neno linaanzia wapi, linaishia wapi?

Clement Doke aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1923, akitokea kazi ya umisionari miongoni mwa Walamba katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Mwaka 1927 alitoa kitabu cha sarufi ya Kizulu ambacho kilipindua namna lugha za Kibantu zilivyochambuliwa. Ndiye pia aliyekuwa mhariri wa mfululizo wa Bantu Treasury, uliowabeba Muyaka na Shaaban Robert. Katikati ya miaka ya 1930 aliungana naye Benedict Vilakazi, mshairi wa Kizulu ambaye kitabu chake ndicho kilichoufungua mfululizo huo mwaka 1935. Vilakazi alipata shahada ya udaktari hapo hapo Witwatersrand mwaka 1946, akafariki mwaka uliofuata, na kamusi kubwa ya Kizulu na Kiingereza aliyoiandaa na Doke ikatoka mwaka 1948. Wageni wanaomiminika katika mtaa wa Vilakazi, Soweto, kuona nyumba ya Mandela, wanatembea katika mtaa uliopewa jina lake.

Swali lililomshughulisha Doke ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: neno ni kitu gani? Mswahili huandika “nakupenda”, neno moja. Mzulu huandika “ngiyakuthanda”, neno moja pia. Msotho, ambaye lugha yake ni ndugu wa hizo, huandika “ke a o rata”, maneno manne. Muundo ni ule ule: kiambishi cha mtenda, cha wakati, cha mtendwa na mzizi wa kitenzi. Tofauti ni kwamba wamisionari waliokiandika Kisotho waliviachanisha viambishi, na Kizulu kikaishia kuviunganisha. Doke alishikilia kwamba kuunganisha ndiko sahihi. Kizulu na Kixhosa vikaenda njia hiyo. Kisotho, Kitswana na Kipedi vikabaki na desturi yake.

Wakati huo hilo lilionekana kuwa jambo la walimu na wapiga chapa. Miaka sabini baadaye ndilo lililoamua ni lugha gani ingepata kikagua kwa urahisi na ipi ingewatoa jasho watengenezaji.

Taipureta ilipomshinda msomi

Kuna somo jingine ambalo Doke alilipata kwa uchungu. Mwaka 1931 alitoa ripoti ya kuziunganisha lahaja za Kishona, nchini Zimbabwe ya leo. Kishona kina sauti ambazo alfabeti ya Kirumi haina herufi zake, hivyo alipendekeza herufi maalumu, kama “b” na “d” zenye kikulabu. Kitaalamu zilikuwa nzuri. Kwa gazeti, ofisi ya serikali na mtu mwenye taipureta ya kawaida zilikuwa adha tupu. Mwaka 1955 herufi hizo ziliondolewa, na Kishona kikaandikwa kwa herufi zinazopatikana katika kila mashine.

Yaani mashine ilikuwa imekwisha kuzisahihisha lugha zetu kabla haijapewa akili yoyote. Isichoweza kukiandika kilianza kuonekana kosa. Kivenda kiling'ang'ania herufi zake zenye alama chini, kikalipa gharama: miaka mingi watu waliandika bila alama hizo kwa sababu baobonye haikuzijua. Shirika la Translate.org.za, lililoanzishwa na Dwayne Bailey mwaka 2001, lililazimika kutengeneza baobonye ya Afrika Kusini yenye herufi hizo, ndipo mwandishi wa Kivenda akaweza kuandika jina la lugha yake inavyopasa.

Msaada uliotoka kwa Wafini na Wahungari

Vikagua vya tahajia kama tunavyovijua vilizaliwa Marekani. Mwaka 1971 Ralph Gorin wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika programu iliyolinganisha kila neno na orodha yake na kupendekeza lililo karibu. Miaka michache baadaye, katika maabara za Bell, Doug McIlroy aliibana orodha ya maneno kama 30,000 ikaenea katika kumbukumbu finyu ya kompyuta za siku zile. Mwaka 1995 Microsoft Word ikaanza kuchora mstari mwekundu wakati mtu bado anaandika, na toleo la 1997 likaongeza wa kijani kwa makosa ya sarufi.

Kwa Kiingereza, orodha inatosha kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa neno la Kiingereza hubadilika kidogo. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali kufungiwa katika orodha. Chukua “andika”: badili mtenda, wakati, mtendwa, ongeza kauli ya kutendea, kutendwa na kutendeana, tia ukanushi na urejeshi, na mzizi huo mmoja utazaa maumbo maelfu. “Hawatatuandikia” ni Kiswahili safi, lakini si rahisi kulikuta katika orodha yoyote. Kizulu, kilichounganisha kama alivyotaka Doke, kina mzigo huo huo na zaidi. Kitswana, kilichoachanisha, kilipata nafuu kwenye orodha, kikabaki na tatizo lake: vipande vya herufi moja moja ambavyo kila kimoja ni sahihi, na mashine haioni kwamba vimepangwa vibaya.

Msaada ulitoka kwa watu wenye mzigo unaofanana na wetu. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Finland alibuni njia ya kuifundisha kompyuta kanuni za kuunda maneno badala ya kuyakariri. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen, aliichukua njia hiyo na kuanzia mwaka 1985 akajenga mfumo wa kuchambua Kiswahili, uliokuja kuitwa SALAMA. Huko Hungaria, László Németh alitengeneza Hunspell, kikagua kinachojua viambishi, ambacho baadaye kiliingizwa katika programu za OpenOffice na Firefox na kutumiwa na lugha nyingi za Afrika.

Afrika Kusini yenye lugha 11

Katiba ya mwaka 1996 iliipa Afrika Kusini lugha rasmi 11. Lugha ya alama imeongezwa mwaka 2023. Haki iliyoandikwa katika katiba ilihitaji vyombo vya kuitekeleza. Katika miaka ya 2000 Translate.org.za iliiwezesha OpenOffice kutumika kwa lugha zote 11. Kituo cha CTexT cha Chuo Kikuu cha North-West, kule Potchefstroom, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Johannesburg, kikatengeneza vikagua vya tahajia vya Kiafrikana, Kizulu, Kixhosa, Kitswana na Kipedi.

Njia ya tatu ilijaribiwa na Langa Khumalo wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal na Maria Keet wa Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na wenzao: waliacha orodha, wakaacha kanuni, wakaifundisha mashine ni herufi zipi tatu tatu hufuatana katika Kizulu. Kikagua chao kilizinduliwa mwaka 2016. Majaribio yao yalionyesha jambo ambalo kila mhariri anapaswa kulikumbuka: mashine iliyofunzwa kwa maandiko ya kale, kama Biblia, hupungukiwa inapopewa habari za leo. Ilichosoma ndicho inachokiita lugha.

Johannesburg ikarudi tena katikati ya jukwaa. Mwaka 2017 wataalamu wa akili mnemba kutoka pembe zote za Afrika walikutana Witwatersrand katika Deep Learning Indaba ya kwanza. Mwaka 2019 mkutano huo ulipofanyika Nairobi, mtandao wa watafiti wa Masakhane ulikuwa umeshaanza kuwaunganisha wanaoshughulikia lugha za Kiafrika. Kampuni ya Lelapa AI ya Johannesburg ikatoa InkubaLM mwaka 2024, modeli ndogo ya lugha yenye jina la mdudu abingirishaye mavi, mdogo wa umbo na hodari wa mizigo. Kati ya lugha tano za Kiafrika ilizofunzwa, mojawapo ni Kiswahili. Kwa hiyo mji uliompiga chapa Muyaka umerudi kukishughulikia Kiswahili, safari hii kwa tarakimu.

Kiswahili kimefika wapi?

Upande wetu, Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, pamoja na washirika wa Sweden. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, alitengeneza kikagua cha tahajia kilichosambazwa bure. Microsoft nayo ikaleta Kiswahili katika Windows na Office ndani ya muongo huo. Helsinki ilikusanya hazina ya maandishi yenye maneno yapatayo milioni 25, yakiwemo ya magazeti.

Vyombo hivi vinasaidia. Mwandishi aliyechoka, anayekimbizana na saa ya kufunga kurasa, huandika “serikari” au “kiswhaili” bila kuona. Mstari mwekundu humwokoa kabla ya msoma prufu kumcheka. Kwa Mkongo wa mtaa wa Yeoville, Johannesburg, anayeandika barua ya kazi kwa Kiswahili sanifu, huku kwao Bukavu akisema tofauti, ni mwalimu asiyechoka na asiyemwaibisha.

Mipaka ya vyombo hivi inaanzia pale tahajia inapokwisha. Andika “kitabu yangu imepotea” na vikagua vingi vitanyamaza, maana “kitabu”, “yangu” na “imepotea” yote ni maneno halali; kilichovunjika ni upatanisho. Andika “mahari pa kazi” ukimaanisha “mahali”, na mashine itaona mahari tu, isijue kwamba hapakuwa na posa. Kinyume chake, “yatakayowaelemea” inaweza kupigwa mstari ingawa haina doa.

Kizazi kipya cha programu, zile za akili mnemba, kinaona upatanisho na muktadha vizuri zaidi. Kosa lake ni la aina nyingine. Kwa sababu kimelishwa Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, husahihisha sentensi hadi ikawa Kiingereza kilichovaa kanzu: ngeli zimekaa sawa, tahajia ni safi, na hakuna mzee wa Tanga wala wa Kisumu ambaye angesema hivyo. Kosa la namna hii ni baya kuliko “serikari”, kwa kuwa halina mstari wowote chini yake. Msomaji hulihisi, mhariri hulijua, mashine hulipitisha.

Uamuzi haujahama

Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa somo la hiari shuleni, na Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ikakifanya lugha yake rasmi ya nne. Mwanafunzi wa Gauteng, jimbo lenye Johannesburg, atakayejifunza Kiswahili atakisoma kwenye skrini, na msahihishaji wake wa kwanza huenda akawa programu. Itamfundisha kile ilicholishwa: kama ni tafsiri za haraka za mtandaoni, atajua Kiswahili cha tafsiri.

Kwa hiyo kazi iliyofanywa na Kamati ya Lugha mwaka 1930 kwa wino na mhuri bado ipo, na bado ni ya watu. Magazeti yana makala ya miongo mingi yaliyopita mikononi mwa wahariri stadi. Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, yana istilahi. Vyuo vikuu vina kamusi. Hicho ndicho chakula ambacho programu hizi zinakikosa, na wenye nacho wakikifungia kabatini, mashine itaendelea kula inachokipata. Lahaja nazo ziingizwe kwa majina yake, ili Kimvita kitambuliwe kuwa Kimvita badala ya kuhesabiwa makosa.

Mwandishi naye aitumie programu kwa kazi inayoiweza: iache ikamate vidole vilivyoteleza. Ikipendekeza kubadili neno, aulize sababu. Ikipendekeza kubadili sentensi nzima, aisome kwa sauti kwanza. Na chumba cha habari kinachopunguza wasoma prufu kwa kuwa kimenunua programu kijue kimeweka kamati ya mbali kwenye kiti cha mhariri, na kamati hiyo haipokei simu msomaji anapolalamika.