Nani Alibeba Mzigo? Vitabu Vinne vya Mwaka Wangu wa Kusoma

Ukimuuliza mwanafunzi wa fasihi ni vitabu gani vilivyompendeza katika mwaka, aghalabu atakutajia vile alivyofanyia mtihani. Mimi nami ningefanya hivyo hivyo, ila mwaka huu niliamua kusoma kwa mpango mwingine. Sikufuata mwaka wa kuchapishwa kwa kitabu. Nilifuata miaka ya mambo yanayosimuliwa ndani yake, tangu misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 hadi mgomo wa bandari ya Unguja mwaka 1948. Vingi nilivisoma, vinne vikabaki kichwani. Na katika vyote vinne nilijikuta nauliza jambo moja tu: mzigo ulibebwa na nani, na nani anayetusimulia habari za mzigo huo?

Swali hili sikulitoa darasani, nililitoa nyumbani. Bibi yangu mzaa mama ni Mzaramo wa Kisarawe. Kwao, mtu akiacha kazi katikati huambiwa, "We nawe, umekuwa kama babu." Babu mwenyewe ni babu yake bibi, mpagazi aliyepokea nguo za ujira, akatembea siku chache na msafara, kisha akautupa mzigo porini na kurudi kwao usiku. Basi, ndilo jambo pekee linalokumbukwa juu yake. Nimekua nikijua kwamba ukoo wetu una mtoro.

Kitabu cha kwanza ni *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi*, yaani Tippu Tip. Mfanyabiashara huyu wa Unguja, aliyefariki mwaka 1905, alieleza maisha yake kwa Kiswahili baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, na habari hizo zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Nathari yake ni kavu, haina mapambo, na ndiyo maana inavutia. Anahesabu frasila za pembe, madeni, siku za njia na watu waliouawa kwa sauti ile ile moja. Msomaji anayetafuta mhusika anayejutia matendo yake hatampata humu.

Lakini kuna mahali nilipolazimika kukiweka kitabu chini. Tippu Tip anasimulia jinsi wapagazi wake Wazaramo walivyomtoroka. Alirudi hadi vijijini mwao, akawakamata wazee na jamaa zao, na kwa njia hiyo akapata wapagazi upya, safari hii wakiwa wamefungwa minyororo. Anayasimulia hayo kama mtu anayeeleza namna ya kurekebisha kosa la hesabu. Sisemi kwamba babu yetu alikuwa katika msafara ule, maana miaka haikubaliani. Ninachosema ni kwamba kwa mara ya kwanza niliona utoro wa Mzaramo ukisimuliwa na mtu aliyetorokwa, na nikatambua kwamba neno tunalolitumia nyumbani kwetu, *mtoro*, ni neno lake yeye. Sisi tumelirithi tu.

Kitabu cha pili, *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilitoka mwaka 1934. Nilipotaja katika semina kwamba nimekipenda, wenzangu walicheka. Wahakiki wengi wamekwisha kukihukumu kuwa ni kitabu cha kasumba, na hawakosei. Mwingereza wa Mbotela ni mkombozi mtupu, kana kwamba hakuja kutawala. Hata kukiita riwaya kuna ubishi. Lakini hebu tumtazame mwandishi. Mbotela ni mtoto wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya mateka waliokombolewa baharini, na baba yake mwenyewe alikuwa mmoja wa mateka hao. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni hadi hii leo. Mtu huyu hakusoma habari za utumwa maktabani, alizisikia kwa wazee waliofungwa.

Kwa hiyo nakisoma kitabu hiki kwa macho mawili. Jicho moja linaona mwandishi aliyeshukuru kupita kiasi. Jicho la pili linaona kwamba hapa, tofauti na kwa Tippu Tip, anayezungumza ni mtoto wa mzigo wenyewe. Anatembea na mateka njiani, anahesabu njaa badala ya frasila. Tukikitupa kitabu kwa sababu ya shukrani zake, tutakuwa tumewatupa na wale wazee waliomsimulia. Hilo mimi siliwezi.

Cha tatu ni *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia fukara, na kabla ya kuwa mwimbaji alitembeza vyungu mjini akiviuza. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na taarabu ya Kiswahili ikaanza kusikika kwenye santuri mbali na Unguja. Hebu fikiria: mchuuzi wa vyungu, ambaye jana watu walimsikia akinadi tu, leo sauti yake inanunuliwa!

Hata hivyo nina ugomvi kidogo na Shaaban Robert, ingawa najua kugombana na mzee huyu ni sawa na kujitafutia balaa. Yeye anataka Siti awe kielelezo cha juhudi na mwenendo mwema, na kila tukio analigeuza somo. Uzuri wa wasifu huu unaonekana pale somo linapopumzika kidogo, tukamwona mwanamke aliyedharauliwa kwa sura na kwa asili yake akishika njia ya mjini na vyungu vyake. Ule mzigo ulikuwa chakula cha watu nyumbani. Hakuubeba ili baadaye tupate methali.

Cha nne ni *Kuli*, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1979. Lugha yetu ina maneno mengi ya wabebaji: mpagazi wa misafara, hamali wa mjini, mchukuzi, na hili la dharau, kuli. Shafi analichukua neno la dharau na kulifanya jina la kitabu. Kijana Rashidi anaingia kazi ya bandari, anaona jinsi wachukuzi wanavyotumikishwa kwa ujira usiokidhi maisha ya mjini, na hatimaye tunafika kwenye mgomo wa mwaka 1948, mgomo wa kweli wa historia, ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandari na kuenea hadi shughuli za mji wa Unguja zikasimama.

Hapo ndipo vitabu vyangu vinne viliposhikana mikono. Mpagazi mmoja akiutua mzigo peke yake usiku, anaitwa mtoro. Watu mia wakiutua pamoja mchana kweupe, tunaita mgomo na tunawaandikia riwaya. Kitendo kinakaribiana sana. Kinachobadilika ni idadi ya watu, na ni nani aliyepewa nafasi ya kusimulia.

Kuna atakayesema kwamba nampendelea Shafi kwa kuwa msimamo wake unanifaa. Ni kweli kwamba naye ana upande. Aliandika baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, akijua tayari historia ilielekea wapi, na mabepari wake mara nyingine ni wabaya tangu wanapoingia mlangoni. Tofauti ni kwamba upande wake ameuweka wazi. Tippu Tip naye alikuwa na upande, ila sauti yake tulivu inatufanya tumsome kama shahidi.

Likizo ilipofika nilikwenda Kisarawe, nikamsomea bibi ile sehemu ya minyororo. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Nikamwambia, "Bibi, babu hakuwa mvivu. Huenda aliona wenzake walivyofanywa, akawahi kukimbia." Akanyamaza. Halafu akasema, "Nguo lakini alipokea, mjukuu wangu. Kazi hakuimaliza."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nadharia zangu zote za tabaka na ujira ziligonga mwamba kwa mtu ambaye kwake ahadi ni ahadi, hata akipewa dhalimu. Ila jioni ile, mjomba wangu mdogo alipoacha kupasua kuni akaenda kutazama mpira, nilimtazama bibi nikingoja maneno yetu ya siku zote. Hakuyasema. Aliniuliza tu kama kitabu kile kimetaja majina ya wale waliokimbia.

Nilimwambia hapana, hakikutaja. Ndipo akanitajia jina la babu yake, ambalo sikuwahi kulisikia, nikaliandika nyuma ya daftari.